Kabla ya Wikendi za Bichi: Historia ya Baiskeli za Kibaha na Kisarawe

Jumamosi asubuhi, jua halijakolea, kwenye barabara ya Pugu kwenda Kisarawe kuna misafara miwili ya baiskeli inayopishana.

Msafara wa kwanza unapanda mlima. Hawa wana helmeti, miwani ya jua na nguo za kubana. Wengine ni wageni wanaoishi Dar kikazi, wako na washkaji zao Wabongo. Leo wanaenda kula upepo kwenye msitu wa Pugu-Kazimzumbwi, kesho wataenda baharini.

Msafara wa pili unashuka. Jamaa wamevaa kandambili, na kwenye keria wamefunga magunia mawili au matatu ya mkaa kwa mpira wa tairi. Gunia limempita mwenyewe urefu. Breki zikigoma, anakanyaga tairi kwa soli ya ndala mpaka baiskeli itulie.

Msafara wa kwanza unapigwa picha. Wa pili unapigiwa honi utoke barabarani.

Barabara ni hiyohiyo, na chombo ni kilekile cha magurudumu mawili. Sasa ilikuwaje baiskeli moja ikawa starehe na nyingine ikawa aibu? Tuanze mbali kidogo.

Enzi za Mwingereza, baiskeli haikuwa kitu cha masikini hata kidogo. Raleigh kutoka Nottingham, Uingereza, ilikuwa mali ya kuringia. Mwenye nayo alikuwa karani, mwalimu, mganga au mfanyabiashara aliyeuza mazao yake vizuri. Ilifutwa vumbi kila jioni na kulazwa ndani ya nyumba, siyo nje. Kijana akienda kuposa na Raleigh yenye kengele na taa ya dinamo, wazee walikuwa wanamsikiliza.

Kisarawe ilikuwa na watu wa aina hiyo kwa sababu ya shule. Pale Minaki kulikuwa na chuo cha Waanglikana kilichohamia kutoka Kiungani, Zanzibar, miaka ya 1920. Pugu nako kulikuwa na shule ya Wakatoliki, St. Francis. Vijana walitoka kila pembe ya Tanganyika kuja kusoma kwenye vilima hivyo. Bahari hawakuwa nayo mbali, lakini kwenda kule kulikuwa na mambo yake. Oysterbay ilipangwa kuwa makazi ya Wazungu. Mji wenyewe uligawanywa: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Mtu mweusi aliyeonekana Oysterbay, mara nyingi alikuwa mpishi, yaya, mlinzi au mkata majani. Kwa hiyo habari ya kwamba "twende bichi tukapunge upepo" haikuwa ya kila mtu. Upepo ulikuwa wa bure, ila sehemu ya kuupungia ilikuwa na wenyewe.

Kuna mwalimu mmoja alirudi kutoka masomoni Edinburgh mwaka 1952 na kwenda kufundisha pale Pugu. Huyu huhitaji kutajiwa jina. Wenzake wakipumzika wikendi, yeye alikuwa anashuka mjini kwenye mikutano ya siasa, na simulizi zinasema mara nyingi alitembea kwa miguu, zaidi ya kilomita 20. Mwaka 1954 TANU ikazaliwa, na mwaka 1955 akaacha kazi ya ualimu. Baada ya hapo walifuata watu ambao majina yao hayapo kwenye vitabu, waliopeleka kadi za chama na habari za mikutano vijijini, wengine kwa miguu, wengine kwa baiskeli. Baiskeli ilifika pale ambapo gari halikuthubutu. Kwa hiyo ukisoma historia ya uhuru, sehemu yake iliandikwa na watu waliokuwa wanaziba pancha njiani.

Uhuru ukaja. Sasa tuhamie Kibaha.

Mwaka 1963, kilomita kama 40 kutoka Dar, pale Tumbi, kulianza mradi mkubwa wa nchi nne za kaskazini mwa Ulaya: Denmark, Sweden, Norway na Finland. Walijenga shule ya sekondari, kituo cha afya na chuo cha kuwafundisha wakulima. Ndicho tunachokijua leo kama Shirika la Elimu Kibaha. Walimu, madaktari na mabwana shamba wakahamia na familia zao. Fikiria mtu ametoka kwenye theluji, sasa anaishi Kibaha kwenye mikorosho, na bahari ipo mwendo wa saa chache tu. Hata huko kwao baiskeli haina cheo. Denmark daktari anaenda kazini na baiskeli, mfagiaji naye hivyohivyo, na hakuna anayemshangaa mwenzake.

Mwaka 1970, Januari, mradi ule ulikabidhiwa rasmi kwa Tanzania. Wengi wa wageni wale wakarudi kwao.

Halafu kikatokea kitu ambacho vijana wengi wa leo hawakijui. Mwaka 1973 mafuta yalipanda bei dunia nzima. Denmark wakapiga marufuku kuendesha magari siku za Jumapili, na watu wakajaa barabarani na baiskeli zao. Tanzania nayo haikubaki salama. Mafuta yalipanda tena mwaka 1979, wakati ambao nchi ilikuwa imetoka kwenye vita vya Kagera na hazina imekauka. Katika miaka hiyo migumu magari binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa 8 mchana, labda uwe na kibali. Wazee wa Dar wanalikumbuka hilo vizuri. Ukienda ufukweni na gari lako, ilibidi uangalie saa kuliko unavyoangalia mawimbi. Saa 8 ikikukuta barabarani, imekula kwako.

Aliyekuwa na baiskeli hakuwa na presha hiyo. Alikaa baharini mpaka jua linazama, kisha akapiga pedali kurudi nyumbani. Kwa saa chache za Jumapili, mwenye baiskeli alikuwa huru kuliko mwenye Benz.

Wakati huo nchi ilikuwa hata na baiskeli yake yenyewe, Swala, iliyotengenezwa hapahapa nyumbani. Nyingine zilikuwa Phoenix kutoka Shanghai, ambayo mpaka leo mafundi wa baiskeli wanaiheshimu kwa chuma chake, na baadaye Hero na Avon za Wahindi. Ndizo unazoziona mpaka leo zimebeba mzigo.

Basi kumbe mambo yalibadilika lini? Yalibadilika pale biashara ilipofunguliwa miaka ya 1980 na 1990. Magari ya mtumba kutoka Japani yakamiminika, daladala zikaenea, na baadaye kabisa bodaboda. Gari likawa ndiyo alama ya kutoboa. Baiskeli ikashushwa cheo kimyakimya. Ikaachiwa muuza samaki mwenye tenga, muuza mikate, fundi wa kunoa visu na yule wa mkaa. Kijana wa Kibaha Maili Moja leo yuko radhi asubiri daladala saa nzima kuliko kuonekana na Phoenix ya babu yake.

Barabara nazo zikajengwa kwa fikra hiyohiyo. Barabara ya Morogoro imepanuliwa, na ni jambo jema. Lakini angalia mwendesha baiskeli anayetoka Kiluvya kwenda Mbezi anapita wapi. Anagawana ukingo wa lami na malori ya kwenda mikoani. Lori likipita karibu, upepo wake peke yake unatosha kumyumbisha mwenye magunia matatu. Akianguka, habari yake itaandikwa kwa mstari mmoja, na jina lake huenda lisiwemo.

Ni kweli, mkaa una kesi yake. Misitu ya Kisarawe imeliwa sana, na ndiyo maana Pugu na Kazimzumbwi inalindwa. Lakini yule jamaa wa baiskeli hapiki kwa mkaa huo peke yake. Unaishia Sinza, Tabata na Mbagala, chini ya sufuria za watu wanaomuita mharibifu. Faida yake kwa gunia ni ndogo, na akikutana na kizuizi anaweza kupoteza mzigo na baiskeli siku hiyohiyo.

Kwa hiyo hakuna ubaya wowote kwa wageni na washkaji zao kupanda Kisarawe Jumamosi na kushuka baharini Jumapili. Wao angalau wanatukumbusha kitu tulichokisahau: kwamba baiskeli ni uhuru, na kwamba kutoka jasho barabarani siyo laana. Shida ni sisi kuona baiskeli ina thamani pale tu inapoendeshwa na mtu ambaye angeweza kununua gari.

Na ukienda Coco Beach wikendi hii, ukaagiza dafu, angalia limetoka wapi. Karibu na muuzaji kuna baiskeli nyeusi, madafu yamepangwa kwenye keria kama tofali, na mwenye nayo ameshapanga kama utachonga ya kunywa au ya kukomba nyama. Huyo naye amekuja bichi na baiskeli. Ameamka kabla yako, na hakuna aliyempiga picha.

Ukimlipa, msalimie kwanza.