Kimia cha Ireland: Kazi ya Kulabu Wakati wa Njaa

 

Leo historia yetu inaanzia kwenye viti vya nyumbani. Katika nyumba nyingi za kwetu, mgongoni mwa kiti hutandikwa kitambaa cheupe cha kufuma, chenye matundu matundu kama wavu. Wengine hukiita kimia, wengine husema ni kazi ya kroshia. Mama yangu mzazi alifuma vitambaa hivyo kila jioni, nami nikiwa mtoto nilidhani ni mchezo wa kupitisha wakati. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno matatu: KULABU, KITANZI, KIMIA.

Kulabu ni ile sindano nene yenye ncha iliyopinda. Kitanzi ni uzi uliozungushwa na kufungwa. Ukiuvuta uzi kwa kulabu upite ndani ya kitanzi, unapata kitanzi cha pili, na ndani ya hicho cha tatu, na hivyo hivyo mpaka unapata mnyororo. Fundi huufunga mnyororo wake mahali hapa, akaruka nafasi kidogo, akaufunga pale. Pale aliporuka pamebaki tundu. Kitambaa cha namna hiyo ni chepesi, chapitisha hewa, na tena hakili uzi mwingi. Likumbukeni neno hilo la uzi kidogo.

Sasa twende Ireland. Ni kisiwa kilichoko magharibi ya Uingereza, na wakati ule kilitawaliwa kutoka London. Watu walipohesabiwa mwaka wa 1841 walikuwa zaidi ya milioni 8. Wengi walikuwa wakulima wapangaji. Ardhi si yao, kodi hulipwa kwa mwenye shamba. Mpangaji alipanda nafaka ili apate kodi, na kwa chakula chake mwenyewe alipanda viazi katika kipande kidogo kilichobaki. Watu kiasi cha milioni 3 waliishi karibu kwa viazi peke yake.

Mwaka wa 1845 ugonjwa uliingia mashambani. Majani yalipata mabaka meusi, na viazi vikaoza ardhini na ghalani. Wakulima wa viazi wa Njombe, Mbeya na Kinangop wanaujua ugonjwa huu, maana hata leo unawasumbua. Sisi huuita ukungu wa viazi. Siku zile wakulima hawakujua sababu yake wala dawa yake. Mwaka wa 1846 karibu mavuno yote ya viazi yaliharibika. Kwa njaa, na kwa homa zilizofuata njaa, walikufa watu kiasi cha milioni 1 kabla mambo hayajatulia mnamo mwaka wa 1852. Wengine zaidi ya milioni 1 walipanda meli wakahama, wengi wao kwenda Marekani.

Jambo moja huwashangaza wengi wanaposoma habari hizi. Miaka ile ile nafaka na ng'ombe viliendelea kupakiwa melini kupelekwa Uingereza. Chakula kilikuwapo, lakini kilikuwa mali ya kuuza na kulipia kodi, na mwenye njaa hakuwa na fedha ya kukinunua. Basi mtu aliyetaka kuiokoa jamaa yake alihitaji kupata fedha, nayo haikuwa kazi rahisi. Wanaume walivunja mawe barabarani katika kazi za serikali, kwa ujira usiotosha hata kulisha nyumba. Je, wanawake nao wangeuza nini?

Matajiri wa Ulaya walikuwa wakivaa kimia kwenye kola, mikono ya gauni na shela za maarusi. Kimia kilichosifiwa kuliko vyote kilikuwa kile cha zamani cha Venice, kilichoshonwa kwa sindano, tundu moja baada ya jingine. Ni kazi ya miezi mingi, na kujifunza kwake ni miaka. Mwenye njaa hawezi kungoja miaka. Lakini kulabu hushikwa na mtu yeyote, na baada ya siku chache mwanafunzi anafuma kitu. Watu maskini wa Ireland walitengeneza kulabu zao wenyewe: waya mgumu au sindano iliyokatwa tundu lake nusu, ikachomekwa kwenye kipande cha mti. Hakukuwa na mashine ya kununua wala chumba cha kazi cha kukodi.

Mwanamke mmoja aliyeishi London, Eléonore Riego de la Branchardière, ambaye mama yake alikuwa mtu wa Ireland, aliangalia kile kimia cha Venice akaona kwamba sura yake yaweza kuigwa kwa kulabu. Katika miaka ya 1840 alianza kuchapa vitabu vya mifano. Huko Ireland kwenyewe, masista wa Ursuline wa Blackrock, karibu na mji wa Cork, walikuwa wakiwafundisha watoto maskini kufuma. Bibi Susanna Meredith alifungua shule ya kazi hiyo Cork mwaka wa 1847, na mwaka wa 1865 akaandika kitabu juu ya wafumaji. Katika jimbo la Kildare, Bibi Roberts wa Thornton alifundisha wanawake wa jirani, kisha wanafunzi wake wakatumwa sehemu nyingine kuwa walimu.

Mmoja wa walimu hao alipelekwa Clones, mji mdogo wa jimbo la Monaghan. (Wenyeji hulitamka jina hilo "Klonis".) Aliyemwita alikuwa Cassandra Hand, mke wa kasisi wa mji, aliyefika huko mwaka wa 1847 akakuta watu wanakufa. Kwa muda wa miaka michache tu watu wapatao 1,500 wa Clones na vijiji vyake walikuwa wakipata fedha kwa kufuma.

Namna yao ya kufanya kazi yafaa kuelezwa. Kwanza walifuma maua na majani mbalimbali: waridi, mzabibu, jani lenye sehemu tatu. Mmoja hufuma waridi tu, mwingine jani tu. Husemwa kwamba jamaa nyingi zilikuwa na ua lao, na mgeni akibisha hodi kazi hufichwa isije ikaigwa. Kisha fundi mkuu hupanga maua hayo juu ya kitambaa, uso chini, akayashikiza kwa uzi. Ndipo hujaza nafasi zote katikati kwa wavu wa minyororo. Akimaliza hukata zile nyuzi za kushikizia, akakiondoa kitambaa, na kimia hubaki peke yake, chepesi kama utando wa buibui. Vibanda vyao vilijaa moshi wa moto wa udongo mkavu, kwa hiyo kazi ilifuliwa kabla ya kuuzwa, ionekane nyeupe.

Ndani ya wavu huo watu wa Clones waliweka fundo lao wenyewe. Nitalieleza polepole. Fuma mnyororo mfupi, kisha vuta kitanzi chako kidogo kiwe kirefu. Zungusha uzi juu ya kulabu. Pitisha kulabu chini ya mnyororo, ukamate uzi, urudi juu. Tena chini, tena juu, mara 10 hata 15, mpaka nyuzi zimejaa juu ya kulabu. Sasa vuta uzi mara moja upite ndani ya zote, ukaze, ufunge. Umepata kifundo kidogo kama punje ya mtama. Mimi nilipojaribu, uzi ulinikwama mara nne, na mke wangu alicheka sana kabla ya kuniokoa.

Fedha ya kimia ilinunua unga na kulipa kodi. Wasichana wengine waliweka akiba yao wakapata nauli ya meli, wakaondoka. Lakini nisiwafiche upande wa pili. Uzi mwembamba wa pamba ulitoka viwandani Uingereza, na sehemu kubwa ya pamba ya viwanda hivyo ililimwa Marekani na watumwa. Na bei haikupangwa na mfumaji. Mabwana wa biashara walitaka vitu vingi na vya haraka, wafumaji wenye shida wakaharakisha, kazi ikawa mbovu, na mitindo ya mavazi nayo ikabadilika. Katika miaka ya 1860 soko lilianguka sana.

Lilifufuka baadaye, na mwanzoni mwa karne ya 20 magauni ya kimia cha Ireland yalitakiwa mno Paris na New York. Wakati huo kulikuwa na mshindani. Mnamo mwaka wa 1883 mafundi wa Uswisi na Ujerumani waligundua njia ya kutarizi kwa mashine juu ya kitambaa, kisha kukiyeyusha kitambaa hicho kwa dawa; zikabaki nyuzi tu, zinazofanana na kimia cha Ireland. Vita vya mwaka wa 1914 vilipoanza, biashara ilidhoofika tena.

Lakini mashine ile iliiga sura tu. Kufuma kwa kulabu hasa, kitanzi ndani ya kitanzi, hakujapata mashine ya kukufanya kwa biashara viwandani. Kofia au mkoba wa kroshia halisi unaouona umening'inizwa dukani kwa bei ndogo, popote ulipotengenezwa, mtu fulani alikaa akaufuma kwa vidole vyake.

Sasa kazi ya darasa. Anayejua kufuma aketi na asiyejua, afume wavu wa mistari mitano wenye kifundo cha Clones katika kila tundu, na mwenzake atazame saa. Kisha andikeni hesabu katika daftari: bei ya uzi uliotumika, dakika zilizopita, na bei ambayo mwenye duka sokoni angelipa kwa kipande hicho. Mwalimu azisome hesabu hizo kwa sauti, na darasa lijadili.