Kaikpo ya Aru: pipa linalofichwa halingojwi

ARU (Ituri) – Katika nyumba nyingi za teritware ya Aru kuna kona moja ambayo watoto wanakatazwa kuichezea. Hapo panakaa pipa la plastiki lenye maji, sukari na chachu, limefunikwa kitambaa. Siku za kwanza linatoa povu na sauti ndogo, kama mvua nyepesi juu ya majani. Sauti ikinyamaza, mama mwenye ujuzi hawashi moto papo hapo. Anangoja tena hadi mashapo yashuke chini na maji ya juu yabaki meupe. Ndipo anaanza kupika kaikpo, pombe kali ya Ituri ambayo sehemu nyingine za Kongo ina dada yake anayeitwa lutuku.

Siku hizo za kungoja haziingizi franga hata moja. Lakini ukifuata historia ya pombe kali kwenye mpaka huu wa Kongo na Uganda, utaona kwamba ndizo zilizoibiwa kidogo kidogo: kwanza na sheria, kisha na haraka ya pesa. Na kila zinapoibiwa, mnywaji ndiye anayelipa.

Zamani ilikuwa nafaka

Pombe ya kwanza ya Walugbara, Wakakwa na majirani zao haikupita motoni namna hiyo. Mtama au ulezi ulilowekwa, ukaota, ukaanikwa na kusagwa kuwa kimea. Mahindi na muhogo yalikuja baadaye. John Middleton, mtaalamu wa mila aliyekaa na Walugbara upande wa Uganda mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliandika jinsi pombe ilivyokuwa na nafasi yake katika sadaka za wahenga na katika kupatanisha ndugu. Pombe hiyo ilinywewa nzito, pamoja na mashapo yake, kabla haijawa kali kama siki. Hakuna aliyehitaji kuingoja itulie.

Ufundi wa kutonesha mvuke ni habari nyingine. Neno waragi, linalotumika ng'ambo ya mpaka, linafanana na araki ya Sudan na ya Misri. Kwa Kiarabu, 'araq ni jasho, na mtu aliyewahi kuona tone la kwanza likining'inia mwishoni mwa bomba anaelewa kwa nini.

Njia moja ambayo mila za Sudan zilipitia kufika huku inajulikana. Mwaka 1885 Emin Pasha, gavana wa Equatoria kwa niaba ya Misri, alihamia Wadelai, kando ya Mto Nile, akiwa na askari wake Wasudani. Mwaka 1891 Mwingereza Lugard aliwachukua wengi waliobaki kutoka Kavalli, karibu na Ziwa Albert, upande ambao leo ni Ituri. Wazao wao, Wanubi, wanajulikana Uganda na hata Kibera, Nairobi, kwa pombe kali iliyopewa jina lao.

Wakati ule hata mpaka ulikuwa bado unatembea. Leopold wa Pili alipangishiwa eneo la Lado mwaka 1894. Alipokufa Desemba 1909, eneo hilo likarudishwa Sudan, na mwaka 1914 sehemu yake ya kusini ikaingizwa Uganda. Ndugu wa ukoo mmoja wakajikuta chini ya serikali mbili, na chungu cha pombe kikawa na sheria mbili.

Marufuku ya wakubwa

Mwaka 1890, mjini Brussels, mataifa makubwa yalikubaliana kuzuia pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika. Tarehe 10 Septemba 1919, kule Saint-Germain-en-Laye, Ufaransa, mkataba mwingine ukaongeza nguvu: hata kutengeneza pombe kali ndani ya eneo hilo kukakatazwa. Mbeleji wa Kongo aliendelea kunywa konyaki yake barazani. Mkongomani alikatazwa pombe kali hadi miaka ya 1950.

Sheria hiyo ilitafuta vyombo viwili, chungu na bomba. Haikuuliza kilichomo ndani ya pipa. Matokeo yake ni rahisi kuelewa. Mtu anayeogopa polisi hawezi kuacha pipa lake siku kumi likitoa harufu. Atalipika lingali linatoa povu, usiku, porini. Mashapo yataungua chini ya chungu na harufu yao itaingia katika pombe. Povu litapanda hadi kwenye bomba, na bomba likiziba, chungu kinaweza kupasuka.

Uganda ilijaribu njia nyingine. Sheria ya enguli ya mwaka 1965 iliruhusu wapikaji wenye leseni kuuzia kiwanda, kiwanda kikasafisha tena na kuuza chupani kwa jina la Uganda Waragi. Wengi waliendelea kupika bila leseni. Hata hivyo, kwa mara ya kwanza serikali ilikubali kwamba mpikaji wa kijijini ana kazi, na kwamba kazi hiyo inaweza kukaguliwa.

Sukari yabadilisha hesabu

Sukari ya kiwandani si ya zamani sana huku. Uganda ilianza kuitengeneza kwa wingi Lugazi mwaka 1924, na Kakira mwaka 1930. Baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972, viwanda hivyo vilianguka, vikaja kuinuka tena baadaye. Upande wa Kongo, kiwanda cha Kiliba, karibu na Uvira, kilisimama mwaka 1996 kwa sababu ya vita. Kwa hiyo soko la Ariwara linatazama mashariki: gunia la sukari linafika kutoka Uganda pamoja na sabuni na chumvi.

Kwa mpikaji, sukari ni njia ya mkato. Hakuna kuotesha nafaka, hakuna kusaga. Lakini sukari peke yake ni chakula maskini kwa chachu, na ndiyo maana wapikaji wengine bado wanatia kimea kidogo, kama walivyofanya bibi zao. Utamu ukiisha ulimini na povu likikoma, kazi ya chachu imekwisha. Maji yakitulia, yanavutwa kwa mpira bila kugusa tope la chini. Viwandani wanatumia aina ya udongo laini kuharakisha kutulia. Nyumbani dawa ni kivuli, baridi na siku.

Kuna hesabu moja ambayo hakuna ujanja unaoishinda. Kilo moja ya sukari haiwezi kutoa zaidi ya nusu kilo hivi ya alkoholi. Nusu nyingine inatoka kama hewa, ile inayofanya povu. Muuzaji anayetoa bidoni nyingi kuliko sukari aliyonunua hana chachu ya ajabu. Ama ameongeza maji, ama ameongeza kitu kingine.

Kitu hicho kingine ndicho kinachoua. Aprili 2010, kusini-magharibi mwa Uganda, katika sehemu za Kabale, makumi ya watu walikufa kwa waragi iliyochanganywa na methanoli, alkoholi ya kiwandani isiyofaa kunywewa. Agosti 2022 msiba ulikaribia zaidi: watu wasiopungua 10 walikufa Arua na Madi-Okollo, ng'ambo tu ya mpaka wa Aru, baada ya kunywa jini yenye sumu. Hiyo haikutoka chunguni kwa mama wa kijijini. Iliuzwa dukani, imefungwa vizuri.

Methanoli ni nyeupe kama kaikpo nzuri. Jicho haliioni na ulimi hauitambui. Dalili zake zinaweza kuchelewa saa nyingi: tumbo kuuma, kutapika, kisha macho kuona ukungu. Mtu wa namna hiyo si wa kulazwa nyumbani apoe ulevi. Apelekwe hospitali upesi.

Kaikpo hata bila methanoli imeharibu ndoa na maini ya wengi, na hakuna mkaaji wa Aru anayehitaji kuambiwa hivyo. Lakini pia imelipa pesa ya shule, na mara kwa mara inapotangazwa marufuku mpya, mapipa hayaishi. Yanahamia tu penye giza. Zaidi ya miaka mia moja ya makatazo imeonyesha hivyo. Pipa lililo wazi linaweza kuulizwa maswali: sukari kilo ngapi, siku ngapi, bidoni ngapi. Jibu lisipolingana na hesabu, jirani atajua kabla ya kununua.