X ya Islii

Mara ya kwanza niliposhuka matatu ya namba 9 pale Islii, yaani Eastleigh ya Nairobi, nilikuta kibao kimeandikwa XALWO. Nikakisoma kama nilivyofunzwa shuleni: eksi-alwo. Muuzaji alicheka hadi akaweka kisu chini. "Bosi, hiyo ni halwa!" Akanikatia kipande, nami nikatafuna aibu yangu.

X hiyo ni H nzito ya Kiarabu, ile ya Muhammad, itokayo ndani ya koo. Wasomali wamekaa Eastleigh tangu miaka ya 1920, wakati ambapo lugha yao haikuwa na tahajia waliyokubaliana. Masheikh waliiandika kwa herufi za Kiarabu, kila mmoja kwa mkono wake, kama wazee wetu wa Lamu na Mombasa walivyoandika Kiswahili. Kazi haikuwa rahisi: Kiarabu kina irabu tatu, Kisomali kina tano, na kila moja yaweza kuwa fupi au ndefu. Miaka hiyohiyo ya 1920 Osman Yusuf Kenadid, wa ukoo wa masultani wa Hobyo, akabuni herufi mpya kabisa, Osmanya. Watawala Waitaliano waliitilia shaka, na Wasomali wengine wakalalamika kwamba ni herufi za ukoo mmoja.

Uhuru wa Somalia wa 1960 uliongeza vurugu. Makarani wa Hargeysa waliandika Kiingereza, wa Mogadishu Kiitaliano, nao wote walizungumza lugha moja! Zilipopendekezwa herufi za Kilatini, wapinzani wakaja na kejeli tamu: "Laatiin waa laa diin", yaani Kilatini ni kukosa dini. Serikali za kiraia zikaogopa kuamua.

Mwanajeshi hakuogopa. Tarehe 21 Oktoba 1972, mwaka wa tatu tangu mapinduzi yake, Siad Barre alitangaza herufi za Kilatini, na helikopta zikamwaga vikaratasi vya alfabeti mpya juu ya Mogadishu. Mfumo wenyewe ulitokana na kazi ya Shire Jama Ahmed, mtu wa busara. Hakutaka nukta wala vistari vya ziada, maana mashine za kuchapa zilizokuwapo maofisini ndizo zingetumika. Basi akazipa kazi herufi zilizokuwa zimelala: X ikawa H nzito, C ikawa ayn, konsonanti ya kooni ya Kiarabu. Mwaka 1973 likazaliwa gazeti la Kisomali, Xiddigta Oktoobar, Nyota ya Oktoba. Mwaka uliofuata shule zilifungwa, wanafunzi na walimu wakatumwa vijijini kuwafundisha wafugaji kusoma.

Dola ya Siad Barre ilianguka 1991. Watu walikimbilia Nairobi, nyumba ya wageni ya Islii iitwayo Garissa Lodge ikageuka soko, na tahajia ya Shire Jama ikapanda kwenye vibao vya Jam Street. Ndiyo maana leo binamu wawili huandika jina moja kwa njia mbili: aliyesoma Kenya ni Abdi Ali, aliyesoma Mogadishu ni Cabdi Cali.

Kioja hakiishii hapo. Islii wapo pia Waoromo wengi kutoka Ethiopia. Lugha yao iliandikwa kwa herufi za Kihabeshi, zile za Kiamhari. Biblia ya Onesimos Nesib ya 1899 ilichapwa hivyo. Herufi hizo zina irabu saba, Kioromo kina kumi, tena hazionyeshi konsonanti iliyokazwa, ambayo hubadili maana ya neno. Lakini kwa wengi uchungu mkubwa ulikuwa wa kisiasa: hizo zilikuwa herufi za dola iliyowatawala.

Novemba 1991 Waoromo nao walichagua Kilatini, wakakiita Qubee. Humo X si H. Ni T inayopasuliwa kooni, kama katika xalayaa, neno lao la barua.

Kwa hiyo ukipita Islii, kabla ya kusoma X yoyote muulize mwenye duka lugha yake. Na halwa, usiikatae.