Saikolojia ya utambuzi: Akili ilivyorudishwa maabarani

Saikolojia ya utambuzi inachunguza jinsi mtu anavyozingatia, anavyokumbuka na anavyofikiri. Kwa miongo kadhaa, hasa Marekani, mambo hayo yalikuwa karibu mwiko. John B. Watson alitangaza mwaka 1913 kwamba saikolojia ichunguze tabia inayoonekana tu. Panya amepinda kushoto? Andika. Alichowaza, achana nacho.

Vita vya Pili vya Dunia vilisaidia kubadili mtazamo huo. Rubani aliyepokea sauti kadhaa kwa pamoja angeweza kukosa onyo moja tu na kupoteza maisha.

Mwaka 1953, Mwingereza Colin Cherry aliwavalisha watu hedifoni, kila sikio likipewa ujumbe wake, akawataka warudie kwa sauti maneno ya sikio moja. Kwenye sikio la pili, sauti ya kiume ilipogeuka ya kike, walitambua. Kiingereza kilipogeuka Kijerumani, hawakujua! Kwetu sisi watangazaji hiyo si habari njema: redio inaweza kusikika na isisikilizwe.

Mwaka 1956 George Miller alieleza kuwa kumbukumbu ya muda mfupi hushika takriban vitu 7. Miaka miwili baadaye Donald Broadbent, naye Mwingereza, alifafanua umakini kama chujio linalopitisha ujumbe mmoja na kuzuia mwingine.

Jina la taaluma lilienea kupitia kitabu cha Ulric Neisser cha mwaka 1967. Mwaka 1976, Neisser huyo huyo aliikosoa: majaribio yake yalikuwa yamejifungia maabarani, mbali na maisha ya watu.