Lengalenga ya mu lupango

Tunasikia mara nyingi kwamba Elisabethville, tangu 1910, ilikulishwa na Union Minière. Ni nusu ya ukweli. Kambi ilitoa posho: unga, maharagi, samaki mukavu. Mboga bamama ndio balijitafutia. Balitoka Kasai, Lomami, Luapula, na mvua ikianguka balijua lengalenga gani ya kuchuma nyuma ya nyumba, yenye mutu hakupanda. Kando, kuku, bata, nkunda ndani ya sanduku.

Gécamines ilitoa tani zaidi ya 400 000 za shaba katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 1994, karibu 30 000. Mishahara ikakatika, na lupango ikawa shamba: mahindi hadi mulangoni, mbuzi ku baraza! Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10 000 wakaacha kazi.

Lakini sheminee, iliyowashwa 1911, ilimwanga moshi miaka mingi. Penga-Penga, kwenye upepo ulipeleka moshi ule, udongo umeshika shaba, risasi na kadimiamu. Kuosha majani kunatoa vumbi, hakutoi kile mizizi imekwisha kunywa. Bankambo hawakuwa na namna ya kukiona. Kule, afazali udongo wa bustani utoke mbali, na kuku wafungiwe.