Makumbusho ya Nairobi na Mifupa Iliyotakiwa Ifichwe

Makumbusho ya Taifa ya Nairobi yalianza mwaka 1910 kama mkusanyo wa chama cha wapenzi wa viumbe na mimea, wengi wao walowezi na maofisa wa kikoloni. Jengo la kilimani linalojulikana leo lilifunguliwa mwaka 1930, likapewa jina la Gavana Coryndon. Kwa miaka mingi Mwafrika hakukaribishwa humo. Aliyemfungulia mlango, katika miaka ya 1940, ni mwanaakiolojia Louis Leakey, aliyezaliwa Kabete mwaka 1903, mtoto wa wamisionari wa Kianglikana.

Watanzania nao wana deni kwa nyumba hii. Fuvu la zamadamu aitwaye Zinjanthropus, lililofukuliwa na Mary Leakey, mke wa Louis, huko Olduvai mwaka 1959, lilitunzwa Nairobi hadi liliporejeshwa Tanzania mwaka 1965.

Lakini hazina iliyoipa mtihani mkubwa zaidi ilitoka Turkana, kaskazini mwa Kenya. Agosti 1984, kando ya mto Nariokotome, mtafutaji wa visukuku Kamoya Kimeu aliona kipande cha mfupa wa paji la uso, kidogo kama kiberiti, kimelala katikati ya kokoto nyeusi. Mimi na wewe tungekikanyaga tukapita. Wenzake wakachimba, wakachekecha udongo, wakapata mifupa zaidi ya 100 ya mtoto mmoja wa kiume aliyekufa yapata miaka milioni 1.5 iliyopita. Ni nadra mno kupata mifupa ya mtu wa kale iliyotimia kiasi hicho.

Mwaka 2006, makumbusho yakiwa yamefungwa kwa ukarabati, Askofu Bonifes Adoyo, kiongozi wa makanisa ya kiinjili, alidai mifupa hiyo iwekwe chumba cha nyuma, pamoja na tangazo la kueleza kwamba mageuko ya binadamu ni nadharia tu. Hakuwa na jeshi wala mahakama. Alikuwa raia anayetetea imani yake, na haki hiyo anayo.

Hata hivyo dai lake lina babu yake. Machi 1616, ofisi ya Kanisa Katoliki huko Roma iliyosimamia orodha ya vitabu vilivyokatazwa ilikisimamisha kitabu cha Copernicus cha mwaka 1543 mpaka kirekebishwe. Mwaka 1620 ikatoa masahihisho: sentensi zilizosema kwa uhakika kwamba Dunia inalizunguka Jua zigeuzwe, zisomeke kama dhana ya kusaidia hesabu. Baadhi ya wenye nakala walichukua kalamu wakazikata kwa wino, mstari kwa mstari. Kitabu cha Galileo kilichotetea wazo hilohilo hakikupata hata nafasi hiyo; kilipigwa marufuku mwaka 1633, na hakikutoka katika orodha hiyo hadi mwaka 1835. Roma ya 1620 iliagiza, na Nairobi ya 2006 iliombwa, jambo lilelile: ushahidi ubaki, ila upunguzwe sauti.

Nairobi ilikataa. Richard Leakey, mkurugenzi wa zamani na mtoto wa Louis, alilipinga dai hilo hadharani kwa maneno makali, na makumbusho yenyewe hayakubadili mpango wake. Huo ndio uamuzi unaostahili kukumbukwa kila historia ya nyumba hii inapoandikwa, kwa sababu shinikizo lilitoka kwa waumini wengi na wenye kuheshimika, si kwa wahuni.

Milango ilifunguliwa tena Juni 2008. Mtoto wa Nariokotome aliwekwa kwenye ukumbi wa maonyesho, mbele ya wageni wote, waliokubali na waliopinga.