Chekechea: Mtoto Wako Hufanya Nini Asubuhi Nzima?

Kila shule zinapofunguliwa Januari, sikosi kuulizwa na mzazi mmoja au wawili mtaani: "Mbona daftari la mwanangu ni jeupe? Kwani wao ni kucheza tu?" Swali lina haki yake, karo imelipwa. Nilisomesha chekechea kabla ya kuanza kuandika, na naona ni bora nieleze asubuhi ya darasa zuri ilivyo, ili mzazi ajue analipia nini.

Kwa mtaala wa sasa chekechea ni miaka 2: PP1 kwa mtoto wa miaka 4, PP2 kwa wa miaka 5, kisha Gredi ya Kwanza. Kipindi ni dakika 30. Kuna shughuli za lugha, hisabati, mazingira, ubunifu na dini. Mwalimu hamkalishi mtoto mtihani. Humtazama anavyofanya kazi na kuandika alichokiona.

Saa 2 asubuhi viatu huachwa mlangoni, salamu hutolewa, mikono huoshwa. Watoto hukaa duara kwenye mkeka, husoma dua, kisha kila mmoja hutafuta kadi yenye jina lake na kuibandika ukutani. Mtoto anayeijua kadi yake kati ya kadi 25 ameanza kusoma, ingawa hajashika kalamu. Mwalimu huuliza siku gani leo, na je, upepo unavuma? Mtoto wa pwani ana la kusema hapo. Kama babake ni mvuvi, atawaeleza wenzake habari za kusi na kaskazi kuliko kitabu.

Kisha watoto huenda kwenye pembe za darasa, na hapa ndipo wazazi hupotea. Kuna pembe ya jikoni, ya kujenga kwa vipande vya mbao, ya vitabu, na ya mchanga na maji. Kabla ya kwenda, mtoto husema atafanya nini. Akimaliza, hurudisha vitu mahali pake, kisha huwaeleza wenzake alichofanya. Kupanga, kutenda, kukumbuka: hayo matatu ndiyo somo lenyewe. Anayepima mchanga kwa kifuu na kuona sufuria yajaa kwa vifuu vitano, amekutana na hisabati mkononi. Wawili wakigombania upawa, mwalimu hauchukui. Huchutama awe sawa nao na kuwauliza, "Sasa mtafanyaje?" Huenda wakachukua dakika kumi kupatana. Kwangu mimi dakika hizo hazikupotea.

Wako wanaodhani mtindo huu ni wa kizungu, umeletwa na shule za bei ghali. Mwaka 1982 viongozi wa Kiislamu wa Pwani walimwomba Aga Khan msaada ili watoto wao wainuke kielimu. Mwaka 1986 Bi Swafiya Said akaanzisha hapa Mombasa chekechea za madrasa, zilizochanganya mafunzo ya dini na kujifunza kwa kutenda, kwa vifaa vya hapa hapa: vifuu, kete, makuti, vifuniko vya soda. Mpango huo ulifika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Kwa hivyo mama anayeona kikapu cha vifuu darasani asidhani shule imekosa pesa.

Sasa kuhusu kuandika. Vidole vya mtoto wa miaka 4 bado ni laini. Kufinyanga udongo, kutunga shanga, kurarua karatasi na kuchora kwa kidole mchangani ndiko kunakovitia nguvu ya kushika kalamu. Ukimlazimisha kujaza ukurasa wa herufi "a" mapema, utapata daftari la kuonyesha jirani, na mtoto anayechukia kalamu. Watoto wetu wengi pia huenda chuoni alasiri, ambako alif huanzia kulia, na asubuhi herufi huanzia kushoto. Hilo haliwachanganyi kama wengi wanavyohofu, mradi wapewe muda.

Katika lugha nina ugomvi. Sera ya elimu yasema mtoto mdogo afunzwe kwa lugha ya mahali anapoishi. Kwetu lugha hiyo kwa wengi ni Kiswahili, na kwa wengine ni Kigiriama au Kidigo. Lakini kuna chekechea mitaani zinazomwadhibu mtoto kwa kutosema Kiingereza. Mtoto aliyejaa maneno nyumbani hufika hapo akawa bubu. Akisema "mato", mwalimu mwerevu humwitikia na kumpa "macho" pamoja na "eyes", na neno la bibi yake halitupwi.

Saa 4 ni uji na mchezo wa nje: kuruka, kutambaa, kurusha mpira. Baadaye hadithi. Mwalimu akiita "Paukwa!" darasa zima huitikia, hata yule asiyezungumza. Kabla ya saa 6 watoto hujiandaa kwenda nyumbani, na kila mmoja hukabidhiwa mtu anayejulikana na mwalimu.

Mzazi akitaka kujua darasa ni zuri, aombe kukaa humo saa moja. Atazame kama watoto ndio wanaosema zaidi, kama vifaa viko chini wanakofikia, na kama choo ni safi. Kwa chekechea za umma, akiona watoto wamerundikana au mwalimu hayuko wiki nzima, asihangaike na ofisi za Wizara Nairobi. Tangu katiba ya 2010 chekechea ziko chini ya kaunti, na ndiyo inayoajiri walimu wake, si TSC. Idara ya elimu ya kaunti ndipo pa kupeleka malalamiko, kwa maandishi, akibakisha nakala yake.